Uso wa saa janja: Fahamu namna ya kuupanga usome saa ya Kiswahili

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

SAA ya mkononi ya zamani ilikuwa na uso mmoja tu, nao ulibaki vilevile ulivyotoka kiwandani hadi siku mashine yake ilipokufa. Saa janja, ile inayounganishwa na simu ya mkononi, haina uso wa kudumu. Kinachoonekana ni picha inayochorwa juu ya kioo, na mwenye saa ana uwezo wa kuibadilisha kila apendapo.

Wanunuzi wengi huridhika na uso walioukuta siku walipofungua boksi. Wapo pia wanaoubadilisha kwa ajili ya urembo, rangi ifanane na nguo, kisha wakaishia hapo.

Kwa mtu anayezungumza Kiswahili, hata hivyo, suala hili lina uzito zaidi ya urembo. Saa hizi husoma kwa hesabu ya kimataifa inayoanzia usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu kuanzia macheo na machweo. Tofauti iliyopo ni saa sita kamili.

Mgonjwa aliyeambiwa ameze dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, akaandika 2:00 kwenye kengele ya saa yake, ataamshwa saa nane usiku na kukumbushwa tena saa nane mchana. Abiria aliyesoma 6:00 kwenye tiketi ya ndege naye anaweza kufika uwanjani wakati ndege imekwisha kuruka.

Makala haya yanaeleza uso wa saa janja ni kitu gani, unapangwaje, na jinsi unavyoweza kumwonyesha mvaaji saa ya Kiswahili bila kuvuruga kengele wala kalenda yake.

Uso na vidirisha vyake

Uso wa saa janja una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni saa yenyewe, iwe ya mishale au ya tarakimu. Ya pili ni vidirisha vidogo vinavyoizunguka, kila kimoja kikileta habari moja: tarehe, hali ya hewa, hatua ulizotembea, mapigo ya moyo, kiasi cha betri au miadi inayofuata.

Vidirisha hivyo vina asili ya zamani. Mafundi wa saa za kimakanika wa Ulaya waliiita kila kazi iliyozidi kuonyesha saa, dakika na sekunde kwa jina lenye maana ya utata, kwa kuwa kila nyongeza, kama vile tarehe au umbo la mwezi, ilidai magurudumu zaidi ndani ya kasha lile lile dogo. Katika saa janja nyongeza hizo hazihitaji gurudumu hata moja, bali programu tu.

Urahisi huo ndio unaowatega wengi. Kwa kuwa nafasi ipo, mtu hujaza vidirisha vyote, mwisho akawa na uso uliosheheni tarakimu ambazo hazisomeki kwa mtupo mmoja wa jicho. Ni vyema kujiuliza kwanza: ni jambo gani hasa nataka kulijua ninapoinua mkono? Mengine yaachwe ndani ya menyu, yatafutwe yanapohitajika.

Hatua za kuupanga

Saa janja zinazopatikana madukani zinaweza kugawanywa katika makundi matatu, na kila kundi lina utaratibu wake.

Kundi la kwanza ni Apple Watch, iliyoingia sokoni Aprili 2015. Bonyeza uso wa saa na uushikilie kwa kidole hadi usinyae kidogo. Telezesha kando uone nyuso ulizonazo. Ukifika mwisho utakuta alama ya kujumlisha ya kuongeza uso mpya.

Ukigusa sehemu ya kuhariri, utatelezesha kidole kutoka ukurasa hadi ukurasa, yaani mtindo, rangi na vidirisha, na kila badiliko hufanywa kwa kuzungusha kitufe cha pembeni. Bonyeza kitufe hicho ukimaliza. Apple hairuhusu wabunifu wa nje kuleta nyuso zao kwenye saa hii. Mtumiaji huchagua miongoni mwa zile zilizotengenezwa na kampuni, ingawa tangu mwaka 2020 anaweza kumtumia mwenzake uso aliokwisha kuupanga.

Kundi la pili ni saa zinazotumia mfumo wa Wear OS wa kampuni ya Google. Mfumo huu ulianza mwaka 2014 kwa jina la Android Wear, ukabadilishwa jina mwaka 2018. Saa za Samsung zimo humo kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021. Hapa pia unaanza kwa kubonyeza na kushikilia, kisha unachagua uso na kugusa sehemu ya kuhariri. Tofauti kubwa ni kwamba nyuso nyingine hupatikana kwenye duka la programu, za bure na za kulipia, zilizobuniwa na watu wa kila pembe ya dunia.

Kundi la tatu ni saa za bei nafuu zilizojaa katika maduka yetu ya simu. Nyingi hazitumii mfumo wowote kati ya hiyo miwili, bali kila moja ina programu yake inayowekwa kwenye simu. Uso huchaguliwa ndani ya programu hiyo, kisha husafirishwa kwa Bluetooth hadi kwenye saa. Hakikisha saa ina chaji ya kutosha na usiiondoe karibu na simu hadi kazi ikamilike. Nyingi huruhusu pia kuweka picha yako, ya mtoto au ya shamba, ikawa usuli wa uso.

Hesabu ya saa sita

Hesabu ya Kiswahili haikuzuka kwa bahati mbaya. Karibu na mstari wa Ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, hivyo macheo ni kianzio kisichoyumba. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kukamilika, na saa moja usiku ni ya kwanza ya usiku kukamilika. Majirani zetu wa Ethiopia nao huhesabu hivyo hivyo.

Kwenye saa ya mishale, wazee wetu walilimaliza jambo hili bila fundi. Saa sita ni nusu ya mzunguko, kwa hiyo tarakimu ya Kiswahili daima iko mkabala na ile inayoelekezwa na mshale mfupi. Mshale ukielekea 7, upande wa pili ipo 1, nayo ni saa moja. Mshale ukielekea 10, mkabala ipo 4, nayo ni saa nne.

Kwenye saa ya tarakimu hakuna upande wa pili wa kutazama. Ikiandika 20:00, ni lazima akili ipunguze kumi na mbili, ipunguze tena sita, ndipo ipate saa mbili usiku. Kwa mwenye mazoea ni kazi ya kufumba na kufumbua jicho. Kwa mtoto anayejifunza, mzee mwenye dawa tatu za nyakati tofauti, au mgeni wa vifaa hivi, ni mlango wa makosa.

Kidirisha cha Tokyo

Ipo njia nyepesi ya kuifanya saa janja iandike saa ya Kiswahili, nayo haihitaji kununua wala kupakua kitu chochote. Karibu saa zote za makundi mawili ya kwanza zina kidirisha cha saa za dunia, kilichokusudiwa kumwonyesha msafiri saa ya mji mwingine. Kinachotakiwa ni kuchagua mji ulio saa sita mbele yetu.

Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC. Mji wa Tokyo, Japani, uko saa tisa mbele. Tofauti ni saa sita kamili, na Japani haibadilishi saa zake kwa majira ya joto na baridi, hivyo tofauti hiyo haiyumbi Januari hadi Desemba.

Chukua mfano. Dar es Salaam ikiwa saa moja asubuhi, yaani 7:00, Tokyo ni 1:00 ya alasiri yao. Ikiwa saa sita na nusu mchana hapa, kule ni 6:30. Ikiwa saa mbili usiku hapa, kule ni 2:00. Kidirisha kilichoandikwa Tokyo, kwa hiyo, ni saa ya Kiswahili iliyovaa jina la mji wa mbali.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, saa ipangwe kwa mtindo wa saa 12 na siyo wa saa 24, vinginevyo kidirisha kitaandika 13:00 badala ya 1:00. Pili, alama za kutofautisha asubuhi na jioni, pamoja na tarehe iwapo itaonekana ndani ya kidirisha hicho, ni za Japani, hivyo zisifuatwe.

Kwenye Apple Watch unaweza hata kuliondoa jina la mji. Fungua programu ya saa iliyomo katika simu, ingia sehemu ya saa, kisha sehemu ya vifupisho vya miji, na uandike herufi unazozitaka wewe badala ya zile za Tokyo.

Wasomaji walio nje ya ukanda wetu nao hawakusahauliwa. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ikiwamo Lubumbashi na Goma, ziko saa mbili mbele ya UTC. Mji wao ni Singapore. Muscat iko saa nne mbele. Mji wake ni Brisbane, Australia. Asichague Sydney, kwa sababu mji huo hubadilisha saa zake kila mwaka wakati Brisbane haibadilishi.

Aliyeko London au Toronto na anataka kujua nyumbani Afrika Mashariki ni saa ngapi kabla hajapiga simu, Tokyo humfaa vilevile. Kidirisha humpa saa ya nyumbani kwa hesabu ya nyumbani, bila kujali huko aliko saa zimesogezwa au la.

Usibadilishe saa yenyewe

Baadhi ya watu hutafuta njia ya mkato kwa kuiambia saa yote kwamba wako Tokyo. Hilo ni kosa. Saa janja hupokea miadi, ujumbe na kumbukumbu za usingizi kwa kufuata eneo la saa lililowekwa. Ukilihamisha, miadi ya kliniki huonekana saa sita nje ya mahali pake, na usingizi wa usiku huandikwa kana kwamba ulilala mchana.

Ikumbukwe pia kwamba kidirisha huonyesha tu, hakiamuru. Kengele bado husikiliza hesabu ya kimataifa. Anayetaka kukumbushwa dawa saa mbili usiku aandike 8:00 ya jioni au 20:00, kisha aitazame kengele hiyo mara ya pili kabla ya kuifunga. Kanuni ni moja: ongeza sita au punguza sita, halafu hakikisha ni asubuhi au usiku.

Kwa mwenye saa ya bei nafuu isiyo na kidirisha cha saa za dunia, chaguo bora ni uso wa mishale. Atautumia kama wazee walivyotumia saa zao za kutia ufunguo, kwa kusoma tarakimu iliyo mkabala.

Kujichorea uso wako

Mwenye saa ya Wear OS anaweza kwenda mbali zaidi. Samsung hutoa bure programu iitwayo Watch Face Studio, inayofanya kazi kwenye kompyuta za Windows na za Mac, ambayo humwezesha mtu kuchora uso bila kujua lugha za kompyuta. Huweka picha ya usuli, mishale, tarakimu na vidirisha kwa kuviburuta kwa kipanya.

Uso wa Kiswahili wa mishale hauhitaji hesabu yoyote. Mishale huachwa itembee kama kawaida. Kinachogeuzwa ni tarakimu. Panapokaa 7 pakaandikwa 1, panapokaa 12 pakaandikwa 6, na ile 12 ikashuka chini kabisa. Uso wa tarakimu unahitaji kanuni fupi: chukua saa ya mtindo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12 na uandike baki, baki likiwa sifuri, andika 12.

Ili kuujaribu uso huo kwenye saa, ni lazima kuwasha hali ya wasanidi programu na kuviunganisha vifaa hivyo kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi. Hali hiyo izimwe mara kazi inapokwisha.

Gharama ya betri

Kila kinachong'aa kina bei. Vioo vya aina ya OLED, vinavyotumika katika saa nyingi za bei ya kati na ya juu, huwasha kila nukta kwa nafasi yake. Nukta nyeusi haiwaki, hivyo haili umeme. Uso wenye usuli mweusi na mistari michache utaishi na chaji muda mrefu kuliko picha angavu iliyojaza kioo kizima.

Vilevile mshale wa sekunde unaotiririka, michoro inayocheza na vidirisha vinavyoulizia hali ya hewa kila wakati huilazimu saa kufanya kazi bila kupumzika. Hali ya kuacha kioo kikiwaka muda wote, iliyoingia kwenye Apple Watch mwaka 2019, nayo hupunguza muda wa chaji. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kuizima ni busara.

Tatizo hili si geni. Pulsar, saa ya kwanza ya mkononi ya tarakimu za umeme kuuzwa madukani, ilitoka Marekani mwaka 1972 kwa dola 2,100 na kasha la dhahabu. Taa zake zilikula betri kiasi kwamba uso ulibaki mweusi hadi mvaaji alipobonyeza kitufe.

Usalama na hakimiliki

Uso wa saa unaweza kuwa mlango wa kuingilia. Unapoupakua, soma ruhusa unazoombwa. Uso unaoonyesha mapigo ya moyo utahitaji kuyasoma, na unaoonyesha hali ya hewa utahitaji kujua ulipo. Lakini picha ya maua inayotaka orodha ya majina yaliyomo katika simu yako haina sababu ya kuipata. Habari za afya ni siri ya mtu, nazo zinalindwa na sheria za taarifa binafsi, ikiwamo ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Mwaka 2023, Google kwa kushirikiana na Samsung ilianzisha muundo mpya ambao uso hubeba maelezo ya mchoro pekee, bila programu inayotekelezwa ndani yake. Hatua hiyo husaidia betri na hupunguza mwanya wa udukuzi. Google ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 nyuso zinazowekwa kwenye saa za Wear OS lazima zifuate muundo huo, kwa hiyo anayenunua uso ahakikishe si wa mtindo wa zamani.

Wabunifu nao wajihadhari na majina ya watu. Makampuni ya Swatch Group ya Uswisi yaliishitaki Samsung nchini Uingereza kwa sababu duka lake la programu lilikuwa na nyuso zenye nembo za saa kama Omega, Longines na Tissot, zilizochorwa na watu wa nje. Programu zilizobishaniwa zilikuwa kama 30 na zilikuwa zimepakuliwa takriban mara 160,000. Mei 2022 Mahakama Kuu iliamua dhidi ya Samsung, na Desemba 2023 rufaa yake ikatupwa.

Jambo jingine la kufikiria ni uhai wa kampuni. Pebble, saa iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 10 kwenye mtandao wa Kickstarter mwaka 2012, ilipendwa kwa maelfu ya nyuso zilizobuniwa na watumiaji wenyewe. Mali zake ziliuzwa kwa Fitbit mwishoni mwa 2016, na huduma zake zikazimwa Juni 30, 2018. Nyuso hizo ziliendelea kupatikana kwa sababu tu kundi la watu wa kujitolea, Rebble, lilijenga huduma mbadala. Kabla ya kulipia uso, basi, tazama kama duka lake lina dalili za kudumu.

La kufanya leo

Kwa mwenye saa janja mkononi, kazi yote iliyoelezwa hapa haizidi dakika kumi. Achague uso wenye usuli mweusi na saa inayosomeka kwa mbali. Aondoe vidirisha asivyovitazama. Aongeze kimoja cha Tokyo, au cha mji unaolingana na eneo lake, kisha akilinganishe na saa ya ukutani.

Mwisho, azifungue kengele zake moja baada ya nyingine, hasa za dawa na za safari, ahakikishe kwamba kila moja italia wakati aliouambiwa kwa Kiswahili.